Sharti Moja, Mizigo Miwili



Likizo iliyopita nyumbani Mlalo, mzee mmoja wa jumuiya alinisimamisha baada ya Misa. “Frateri, mabinti wanapendelewa vyuoni. Usawa gani huo? Sharti si liwe moja kwa wote?” Nilimjibu juujuu. Leo najaribu tena.

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Tangu hapo aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo moja kwa moja. Alipita Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi angalau miaka miwili, akapata mapendekezo ya mwajiri na ya chama, ndipo akaomba nafasi. Nia ilikuwa njema, msomi asiwe mgeni kwa jembe. Na sharti lilikuwa moja kwa wote, kama anavyotaka mzee wangu.

Wanawake chuoni wakapungua. Miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Mwanamume akioa, safari yake iliendelea, mke akabaki na mtoto. Mwanamke akiolewa, ilimpasa kumridhisha mume, kisha atafute wa kumwachia mtoto. Haikupita miaka mingi, wanawake wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza.

Ulikuwa upendeleo? Sisi wa falsafa tunafundishwa kwa Aristotle kwamba sheria husema kwa ujumla, na kuna mahali ujumla huo hukosea. Hapo kuirekebisha ni haki yenyewe, wala si kuivunja. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaihesabu tabia hiyo kuwa fadhila.

Kwa wahadhiri jambo hili limejificha zaidi. Mhadhiri hupanda cheo kwa utafiti na machapisho, awe baba au mama. Sheria ya kazi humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, lakini siku ya 85 mtoto bado ananyonya, na makala haijaandikwa. Kwenye karatasi yeye na mwenzake wa kiume wako sawa kabisa.

Nakiri kuna marekebisho yanayoweza kukosewa: kumpa binti alama asizostahili ni kumdanganya yeye na mgonjwa atakayemtibu. Lakini Dar es Salaam, miaka ya 1990, mabinti wa sayansi waliopungukiwa kidogo walifundishwa kwanza, wakapimwa, ndipo wakapokelewa.

Nikirudi Mlalo nitamwomba mzee tukae nje kwake jioni, saa kumi na moja hivi, tuangalie nani anapanda kutoka bondeni na ndoo ya maji, nani ana mzigo wa majani ya ng’ombe, na nani ameshafungua daftari. Mtihani wao ni mmoja.