Mtoto wa mbwa anauma: falanga zako ziende wapi kwanza?

Barabara ya Mokambo hailali. Malori yanapanga foleni usiku kucha yakingoja kuvuka mpaka kwenda Mufulira, Zambia, wageni wanapita mbele ya milango yetu, na sentineli wa usiku anadai mshahara kila mwisho wa mwezi. Mbwa anadai bukari. Ndiyo sababu kila mwenye lupango anatafuta mtoto wa mbwa, na ndiyo sababu baada ya wiki moja nasikia kilio kile kile: anauma vidole vya watoto, anararua pindo za vitenge, nimpeleke wapi na nitalipa ngapi?

Jibu langu ni fupi. Kumkomesha kuuma karibu hakuna gharama. Falanga zinaliwa kwingine: katika kununua vibaya, katika kulipa mtu akufanyie kazi ambayo mbwa ataikubali kwako tu, na katika kukwepa sindano moja ambayo haikwepeki.

Tuanze na kununua. Mtoto wa mbwa anajifunza kupima nguvu ya meno yake kwa mama yake na ndugu zake. Akiwauma sana, wanalia na kuacha kucheza naye. Basi kesho anauma polepole. Shule hiyo ni ya bure na inaendelea mpaka wiki ya 8. Anayemtoa kwa mama kabla ya hapo anakuuzia mwanafunzi aliyefukuzwa darasa la kwanza.

Wa kwangu nilimtoa kwenye katoni kando ya barabara, muuzaji akiapa kwamba ana miezi miwili. Bei ilikuwa nusu ya ile aliyolipa jirani yangu. Nyumbani nilimfungua mdomo: nyuma ya machonge, ufizi mtupu. Alikuwa na mwezi mmoja na siku chache. Nusu niliyookoa ilikwisha kwa uji, dawa ya minyoo na bandeji za vidole vya binti yangu.

Kwa hiyo usimwulize muuzaji umri, hesabu meno. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 ana meno ya maziwa 28: madogo 6 mbele juu na 6 chini, machonge 4, na ya pembeni 12. Ya pembeni yakiwa hayajatoka, mrudishe kwenye katoni na umwambie muuzaji utarudi baada ya wiki tatu. Kama ni mkweli, atakungoja ukiweka arubuni kidogo.

Je, wa kienyeji au yule mkubwa wa Kijerumani? Kwa mwenye mfuko mwembamba, wa kienyeji. Anakula kidogo, anavumilia joto, na anapatikana Mokambo bila kulipa usafiri kutoka Lubumbashi. Wala usimdharau: mwaka 1937 Waingereza waliwaonyesha mbwa wadogo kutoka Kongo hii kwenye maonyesho ya Crufts, London, wakawaita Basenji, na leo ni mbwa wa bei kubwa huko kwao. Mbwa wa Kijerumani anaweza kula mara mbili au tatu ya huyo, kila siku, kwa miaka kumi au zaidi. Bei ya kununua unalipa mara moja. Bei ya sufuria hailipiki ikaisha.

Ukivutwa na watoto wa mbwa wa upande wa Zambia kwa sababu kwacha imekaa vizuri wiki hiyo, piga hesabu kwanza ya karatasi. Kumvusha mbwa kihalali kunataka kadi ya chanjo na vyeti vya daktari wa mifugo, na sindano ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu. Anayekwambia atamvusha kwenye begi anakuuzia pia hatari ya kunyang'anywa.

Sasa meno. Kuanzia mwezi wa nne hivi meno ya maziwa yanang'oka, na karibu na mwezi wa saba anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Muda huo wote ufizi unawasha, na lazima atafune kitu. Usipompa, atachagua mwenyewe: kandambili, waya wa redio, mguu wa mtoto.

Kuna vitu vya mpira vya dukani vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vizuri vinadumu hata mwaka, lakini kwa kawaida utavifuata Lubumbashi, na vile vya bei ya chini vinavunjika vipande ambavyo mbwa anavimeza. Mimi nashauri mguu wa suruali kuukuu ya jinzi. Ukate, ulowanishe, ufunge mafundo matatu makubwa, uulaze kwenye maji ya baridi ya mtungi. Hautaki friji, kwa hiyo umeme ukikatika haukuhusu. Nilionao sasa ni wa tatu. Kila mmoja ulidumu karibu mwezi. Uutupe mara unapoanza kutoa nyuzi ndefu, kwani uzi ukimezwa unaweza kufunga utumbo.

Viko vya bure vya kuepuka. Vipande vya tairi la lori vimetapakaa barabara nzima, lakini ndani yake mna waya za chuma. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Chupa ya plastiki si mbaya kwa dakika tano mbele ya macho yako, kizibo ukiwa umekitoa.

Wengi watakwambia njia ya bei rahisi kuliko zote ni fimbo, au kumkamata mdomo na kuuminya. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo kwamba mbwa wafundishwe kwa kutuzwa, na kwamba mateso yanaongeza woga na ukali. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma anajifunza kutonguruma. Siku akichoka, anauma bila kuonya, na wa kwanza kumfikia ni mtoto anayetambaa.

Mnyororo nao una bei ndogo na deni kubwa. Kumfunga kwa saa moja mgeni akija, sawa. Kumfunga kutwa kunamfanya aogope kila anayekaribia. Ukiweza kupata mbao chakavu na misumari, zungushia kona ya lupango. Utalipa zaidi ya mnyororo mara moja, utapata mbwa mwenye akili timamu.

Dawa ya kuuma yenyewe ni hii. Akigusa ngozi kwa jino, mchezo unakufa. Usipige kelele, usivute mkono kwa nguvu, maana kwake huo ni mchezo mtamu zaidi. Simama, mgeuzie mgongo, hesabu mpaka 20. Kisha rudi na jinzi lenye mafundo, acha aume hilo, msifu. Ataanza upya mara kumi jioni hiyo hiyo, nawe utasimama mara kumi. Baada ya wiki mbili au tatu utaona meno yanakuwa mepesi. Ila wote nyumbani wafanye hivyo. Kaka mmoja anayependa kumchokoza kwa vidole anavunja kazi ya watu sita.

Na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea kuhusu mafunzo. Nilikaa barazani kwa jirani, mama akisonga bukari, mtoto wa mbwa amening'inia kwenye pindo lake. Baba akaita, "Asii!" kama Mfaransa. Mama akasema kwa Kibemba, "Ikala!" Watoto wakapiga kelele, "Kaa!" Mbwa akawatazama wote, akarudia pindo. Familia ile ilikuwa tayari kulipa mwalimu. Walichohitaji ni neno moja. Chagueni lugha moja, maneno manne tu: kaa, kuya, lala, wacha. Yaandikeni ukutani kwa makaa, kila mtu atumie hayo.

Mshahara wa mwanafunzi ni vipande vya ndakala vidogo kama ukucha, vilivyooshwa kuondoa chumvi, au ukoko wa bukari. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, vitunguu ni sumu kwa mbwa. Shika kipande juu ya pua yake, kisogeze nyuma. Kichwa kikipanda, makalio yanashuka. Sema "kaa" wakati huo huo, mpe. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, kabla hajala. Kwa "wacha", mpe kitu kizuri abadilishane na alichoshika. Ngumi moja ya ndakala inatosha wiki.

Mwalimu wa kulipwa ana kazi yake, lakini soma bei vizuri. Tuseme anataka dola 60 kumchukua mbwa mwezi mzima. Uliza: chakula kiko ndani? Usafiri je? Akiugua, daktari analipwa na nani? Mara nyingi 60 inakaribia 100. Halafu mbwa anarudi akimtii mwalimu, wewe hakujui. Tuseme mwingine anataka dola 10 kila akija kwako. Mwite mara mbili, akufundishe wewe na watoto mbele ya mbwa: umelipa 20 na nauli yake. Huyo wa pili ndiye anayefaa. Na kubalianeni mapema falanga zitahesabiwa kwa kiwango gani, maana bei hutajwa kwa dola na kupokewa kwa kiwango cha mpokeaji. Kagua noti zako pia; dola iliyochanika kidogo itarudishwa.

Sindano ya kichaa cha mbwa ndiyo matumizi pekee nisiyokupunguzia hata falanga moja. Mtoto wa mbwa anayekwaruza kwa mchezo na mbwa mgonjwa wanaacha alama zinazofanana. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya wagonjwa wa kichaa hiki walikipata kwa mbwa, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Matibabu ya kujikinga baada ya kuumwa shirika hilo limeyakadiria kuwa wastani wa dola 108 kwa mtu, nauli na siku za kazi zilizopotea zikiwamo. Linganisha mwenyewe na sindano moja ya mbwa, na nyingine ya kurudia baada ya mwaka.

Jihadhari na sindano ya bei ya kutupa. Chanjo hii inakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Iliyotoka kwenye begi lenye joto huenda ni maji. Omba kuona barafu, tarehe ya mwisho, na kibandiko cha chupa kikibandikwa kwenye kadi. Uliza kama kadi inalipiwa kando. Lubumbashi kuna kitivo cha utabibu wa mifugo kwenye chuo kikuu, kwa hiyo mkoa una watu waliosomea kazi hii. Nauli yao ndiyo inayouma.

Nauli hiyo igawanyeni. Chanjo hii hupatikana pia katika chupa ya dozi 10, na ikifunguliwa inatakiwa iishe siku hiyo. Daktari akijua atakuta mbwa 10 wamefungwa kamba mahali pamoja, ana sababu ya kupunguza. Jioni hii pita kwa majirani na daftari. Wako ni wa kwanza, watafute 9.