Jina la Crowther: Asili Yake na Maana Yake

Kijana mmoja katika darasa la ubatizo aliniuliza hivi: "Mwalimu, Askofu Samuel Crowther alikuwa Mwafrika kweli kweli. Basi hilo jina Crowther alilipata wapi, na maana yake nini?" Nilimjibu nusu tu, kwa maana kengele ilikuwa imekwisha lia. Nusu iliyobaki naiandika hapa, ili na wengine waisome nyumbani kwao.

Kwanza tulitamke vema, kwa kuwa nimewasikia walimu wakilisoma kama lilivyoandikwa. Waingereza husema "Kraudha", na dh yake ni ile ya dhahabu. Ni jina la kazi. Zamani katika nchi ya Wales, iliyo magharibi ya Uingereza, palikuwa na chombo cha ngoma kilichoitwa crwth. Msistaajabu kuona neno halina vokali. Katika lugha ya watu wa Wales herufi w husimama mahali pa u. Chombo chenyewe ni cha mti uliochongwa, kina nyuzi sita, nacho hupigwa kwa upinde kama Wagogo wapigavyo zeze lao, ila hakina kibuyu. Nyuzi nne hupita juu ya ubao, mpigaji akazibonyeza kwa vidole. Mbili hukaa kando, zikavuma tu au zikadonolewa kwa kidole gumba. Na kile kijiti kinachoziinua nyuzi kina miguu miwili isiyolingana: mmoja umesimama juu ya uso wa chombo, na wa pili ni mrefu, umepenya katika tundu hata kufika mgongoni kwa ndani. Waingereza walilitwaa neno hilo wakalitamka kwa ulimi wao, na mpigaji wakamwita crowder, au crowther. Basi tukitaka kulifasiri kwa Kiswahili, Crowther ni Mpiga Zeze.

Zamani hizo Waingereza walio wengi hawakuwa na jina la ukoo. Akiwapo Yohana mpiga zeze na Yohana mhunzi katika kijiji kimoja, watu waliwapambanua kwa kazi zao, na yule alipokufa jina lilikufa naye. Kati ya mwaka 1100 na mwaka 1400 hivi majina ya namna hiyo yakaanza kurithiwa, mwana akaitwa Mpiga Zeze ijapokuwa hajapata kushika upinde maishani mwake. Ndivyo lilivyodumu jina, hata chombo kilipokwisha kuachwa. Siku hizi wako mafundi wachache tu wanaokitengeneza na kukipiga tena.

Kwa wingi, jina hili halilingani na Smith wala Jones, ambayo hayakosekani katika mji wo wote wa Uingereza. Makao yake hasa ni upande wa magharibi wa Yorkshire, kwenye vilima na viwanda vya sufu karibu na Huddersfield na Halifax. Walimu wenzangu watapenda kujua ya kuwa Geoffrey Crowther, aliyezaliwa Leeds katika nchi hiyo hiyo mwaka 1907, ndiye aliyeongoza baraza lililotoa taarifa ya mwaka 1959, ikisema kwamba vijana wa Uingereza wasitoke shuleni kabla ya kutimiza miaka 16. Shauri hilo lilitimizwa mwaka 1972.

Sasa tuvuke bahari tuone jinsi jina la wapiga zeze lilivyofika Afrika.

Katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria, mtoto akizaliwa kifudifudi, uso ukielekea chini, huitwa Ajayi. Hakuna mashauri wala kubishana kati ya ndugu wa baba na ndugu wa mama; mtoto amekuja na jina lake mwenyewe. Karibu na mwaka 1809 alizaliwa mtoto wa namna hiyo katika mji wa Osogun. Mwaka 1821 mji ulishambuliwa na wateka watumwa, naye akachukuliwa pamoja na mama yake, kisha wakatenganishwa. Aliuzwa mara nyingi, na mara moja alibadilishwa kwa farasi. Mwisho alinunuliwa na Wareno, akatiwa katika merikebu. Lakini tarehe 7 Aprili 1822 manowari ya Kiingereza, jina lake Myrmidon, iliikamata merikebu ile, na watumwa wakapelekwa Freetown, Sierra Leone, wakawekwa huru.

Huko alisoma, akaamini, akabatizwa tarehe 11 Desemba 1825 na mmisionari John Raban. Alipewa jina la Samuel Crowther, nalo lilikuwa jina zima la mtu mwingine aliye hai: kasisi wa kanisa la Christ Church, Newgate, London, mmoja wa wazee wa chama cha C.M.S. Ndiyo ilivyokuwa desturi ya Freetown. Watu waliotoka katika makabila mengi waliitwa Johnson, Cole, Macaulay, kwa heshima ya wafadhili au wakubwa wa mbali. Sina neno juu ya shukrani, nayo ni deni la kila muungwana. Lakini aliyetekwa amekwisha kunyang'anywa mji, na ndugu, na lugha. Jina ni karibu kitu cha pekee alichobaki nacho, nalo huwekwa kando siku ya furaha yake.

Pwani yetu hatuko mbali na mambo hayo. Huko Rabai alikuwako William Jones, mtumwa aliyekombolewa akalelewa Bara Hindi, akawa shemasi mwaka 1885. Na jina lake nalo ni la Kizungu tupu. Lakini James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934, alikuwa mwana wa mmoja wa waliokombolewa wakaletwa Frere Town, naye alidumu na jina la baba yake hilo hilo la Kiafrika. Kwa hiyo njia zote mbili zilikuwako.

Turudi kwa Crowther. Mwaka 1846, akiwa amekwisha kuwa kasisi, alikuwa akifanya kazi Abeokuta, na mwezi wa Agosti mama yake akaletwa kwake. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 25 hivi. Yeye mwenyewe ameandika ya kuwa walitazamana kwa kimya na mshangao, kisha mama akamshika mkono akamwita kwa yale majina aliyokuwa akiitwa utotoni. Mama huyo hakujua lo lote juu ya kasisi wa Newgate. Tarehe 5 Februari 1848 alibatizwa, akaitwa Hannah, yaani Hana, mama yake Samweli. Mara hii aliyetoa jina hakuwa mfadhili wa ng'ambo; ni mwana aliyefanya jina lake mwenyewe kuwa asili ya jina la mama yake.

Hata hivyo desturi ya Freetown haikumwacha. Mwana wake mmoja, aliyekuwa kasisi baadaye, aliitwa Dandeson Coates Crowther, kwa ajili ya Dandeson Coates, katibu wa C.M.S. Ndipo mtoto wa Kiyoruba akachukua majina ya wazee wawili wa London. Binti yake Abigail aliolewa na Macaulay, na mwana wao Herbert ndiye aliyeanzisha chama cha siasa cha Nigeria mwaka 1923. Jina la babu alilochukua ni Samuel tu, likiwa katikati ya majina yake.

Tarehe 29 Juni 1864 Samuel Crowther aliwekwa katika Canterbury kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Kianglikana, na Leeke, yule nahodha wa Myrmidon, alikuwako akitazama. Lakini mwaka 1890 wamisionari vijana wa Kizungu waliwahukumu wasaidizi wake katika Niger kwa ukali, naye akavunjwa heshima katika uzee wake. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na mahali pake pakashikwa na Mzungu. Ilikuwa mwaka 2014, katika ibada ya kutimiza miaka 150 tangu kuwekwa kwake, Askofu Mkuu wa Canterbury alipoungama mbele ya watu ya kuwa alitendewa vibaya.

Siku hizi Wanigeria humwita Samuel Ajayi Crowther. Na chuo kikuu cha Kianglikana kilichofunguliwa Oyo mwaka 2005, katika nchi aliyozaliwa, kimeacha lile la Samuel, kikaitwa Ajayi Crowther.