Mirella Ricciardi: Ni Nani Aliyekuwa Akitoweka?

Katika wapiga picha waliozaliwa Kenya, ni wachache ambao kazi zao zimefika mbali kama za Bibi Mirella Ricciardi. Alizaliwa mwaka 1931 katika ukoo uliokwisha kuwa na jina kabla yake. Babu yake mzaa mama, Philippe Bunau-Varilla, ndiye mhandisi wa Kifaransa aliyetia sahihi mkataba wa mwaka 1903 ulioipa Marekani ukanda wa mfereji wa Panama. Mama yake, Giselle, alikuwa mchongaji wa sanamu. Baba yake, Mario Rocca, alikuwa askari wa farasi wa Kitaliani. Mdogo wake, Oria, ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha ndovu mwaka 1975 pamoja na mumewe, Iain Douglas-Hamilton.

Wazee hao walihama Ulaya wakaja kulima kando ya ziwa Naivasha. Msomaji na akumbuke kuwa ni katika bonde hilo hilo Wamasai walikoondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, ili ardhi ipewe walowezi. Khabari hii tuiweke akilini, kwani tutaihitaji mbele.

Binti huyo alikwenda Paris kujifunza upigaji picha kwa Harry Meerson, kisha akaolewa na Lorenzo Ricciardi, Mtaliani mpenda safari. Mwaka 1962 ikatoka sinema iitwayo L'Eclisse, ya Michelangelo Antonioni. Humo Mirella aliigiza nafasi ndogo ya Marta, mwanamke wa Kenya anayekaa Roma, ambaye kuta za nyumba yake zimejaa picha za kwao. Rafiki yake anajipaka weusi na kucheza ngoma kwa mzaha, mpaka Marta anaudhika na kumkataza. Lakini Marta huyo huyo, akizungumza juu ya Waafrika wa Kenya, anawaita nyani.

Maneno ya mwigizaji si lazima yawe ya moyoni mwake, hayo aliandikiwa. Walakini aliyepewa kuyasema alikuwa binti halisi wa shamba la Naivasha, na Uhuru wa Kenya ulikuwa umebakisha mwaka mmoja tu na kitu. Marta ana hofu ya kupoteza, na hofu hiyo yaonekana.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mirella aliizunguka Kenya na kamera yake, na mwaka 1971 kikatoka kitabu kilichompa sifa, Vanishing Africa, yaani Afrika Inayotoweka. Asiyeipa kazi hiyo haki yake atakuwa mchoyo. Mtu aliyepigwa picha akiwa kijana leo ni babu, na wajukuu wake waweza kuuona ujana wake, shanga zake na mkao wake. Hilo si jambo dogo.

Lakini jina la kitabu lina neno. Nani alikuwa akitoweka? Wamasai wapo. Waturkana wapo. Wamebadili mavazi na makazi, na kubadilika si kufa. Waliokuwa wakifunga mizigo baada ya mwaka 1963 ni wengi katika walowezi, na ulimwengu wa mashamba yale ndio uliokwisha. Mirella mwenyewe aliuandikia kitabu, African Saga, mwaka 1981, akisimulia ukoo wake. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja, utaona huzuni ya cha pili imo ndani ya jina la cha kwanza.

Sisi wa pwani twaijua hali hiyo. Mwaka 1980 Lorenzo alitoa kitabu cha safari ya jahazi waliyoifanya kutoka Ghuba kuja upande wetu, Mirella akiwa mpiga picha. Jahazi waliliita Mir-el-lah, kwa mchezo wa jina lake. Safari ambayo kwao ilikuwa maajabu, kwa wazee wetu ilikuwa riziki ya kila msimu wa kaskazi. Wametuandikia mara ngapi kwamba tumekwisha?

Picha humwonyesha aliyesimama mbele ya kamera, na humwonyesha pia aliyesimama nyuma yake. Siku hizi kijana anayepanga chumba Kabiro, kule Kawangware, Nairobi, awe wa kabila lo lote, hujipiga mwenyewe kwa simu yake na kuandika jina lake chini. Hangojei mtu amwambie kama yupo au ametoweka.