"Munganga iko?" Maisha ya mama aliyefungua mlango usiku

Unajua kwamba hodi ya mchana haifanani na hodi ya saa nane ya usiku. Kama umewahi kulala karibu na kituo cha afya kule mugini, umekwisha kusikia mambo haya: kinga inaanguka ukutani, mtu anapumua kwa nguvu, kisha sauti inaita: "Munganga iko? Bibi yangu anasikia uchungu tangu asubuhi!" Ndani ya nyumba taa inawaka. Mtu anatafuta viatu vyake gizani. Watoto wake wanaendelea kulala. Wamekwisha kuzoea.

Hapa kwetu tunaita "munganga" kila mtu anayetibu. Lakini kule mbali na miji ya shaba, munganga huyo mara nyingi si daktari. Ni mwuguzi, mwanamke ao mwanaume, aliye na jamaa, shamba la mihogo na madeni kama sisi wote. Wengi wao mushahara wa Serikali hauwafikie, wanaishi kwa kile kidogo ambacho wagonjwa wanalipa. Na bado wanafungua mlango.

Ni nini inamsimamisha mtu wa namna hiyo? Na sisi tulio nje ya mlango, tuna deni gani kwake? Ili tupate jibu, tutasoma maisha ya mama mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 60. Hakuzaliwa Katanga wala Kivu. Aliishi Marekani. Lakini soma mpaka mwisho, utaona kwamba njia zake za matope ni ndugu wa njia zetu.

YATIMA ALIYELELEWA NA JAMAA

Jina lake Maude Callen. Alizaliwa mwaka 1898 katika mji mdogo wa Quincy, jimbo la Florida, kati ya watoto wasichana 13. Alikuwa bado mdogo sana wazazi wake walipokufa. Ni nani angemchukua? Jamaa. Alilelewa katika nyumba ya Daktari William J. Gunn, ndugu wa jamaa yake, aliyekuwa mganga mweusi katika mji wa Tallahassee.

Simama kidogo hapa, wewe baba na mama unayesoma. Labda na wewe unalisha mtoto wa marehemu ndugu yako, na siku zingine unajiuliza: "Bukari hii itatosha?" Daktari Gunn hakuweza kujua kwamba yatima aliyekula mezani pake angepokea kwa mikono yake mamia ya watoto wa watu wengine. Njo vile kazi ya jamaa inavyokuwa: unapanda leo, na mara nyingi ni wengine wanaovuna.

Mwaka 1921 Maude aliolewa na William Callen. Mwaka 1922 alimaliza masomo ya juu huko Florida, akajifunza uuguzi katika mji wa Savannah. Kisha mwaka 1923 akaenda kufanya kazi Pineville, katika jimbo la South Carolina, akiwa mwuguzi wa misioni ya Kanisa la Episkopali.

NYUMBA ILIYOKUWA HOSPITALI

Pineville ilikuwa mahali gani? Usifikiri nyumba ndefu za vioo. Ilikuwa mashamba, misitu na njia za udongo zinazokuwa matope wakati wa mvua. Wengi wa watu aliowatunza walikuwa weusi na maskini. Wakati ule sheria za South Carolina ziliwatenga watu weusi na wazungu. Hospitali ilikuwa mbali. Mama mwenye mimba alizalia nyumbani, na kama jambo limeharibika, hakuna wa kumkimbilia.

Mama Maude hakungoja kujengewa kituo. Alianza kutibu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mahali alipoishi na bwana yake njo palikuwa mahali pa wagonjwa. Wewe uliye na bwana ao bibi mwuguzi, unajua maana yake: chakula kinapoa mezani, na siku ya mapumziko inakuwa siku ya kazi. Watu wanamshukuru yule anayetoka usiku. Yule anayebaki kulinda watoto na moto, ni nani anamshukuru?

Mwaka 1936 akaingia kazi ya afya ya Serikali katika wilaya ile. Eneo lake lilikuwa karibu kilometa za mraba 1,000. Katika mwaka 1951 ilihesabiwa kwamba alikuwa akiendesha motokari kilometa karibu 58,000 kwa mwaka. Gawanya na siku 365: ni kama kusafiri zaidi ya njia ya Lubumbashi mpaka Likasi, kila siku, bila siku moja ya kupumzika. Motokari alizinunua mwenyewe, na kila moja ilikufa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Serikali ilimrudishia sehemu tu ya gharama. Mara nyingi alifanya kazi saa 16 kwa siku. Mushahara wake ulikuwa dola 225 kwa mwezi.

Kijana, najua utauliza: "Faida iko wapi?" Ni ulizo la haki, hatutalikimbia. Mtu hawezi kulisha watoto kwa sifa. Lakini wewe pia jibu ulizo moja: kama wote wenye akili na nguvu wanakwenda mahali penye falanga nyingi, siku mama yako atakapoumwa kule mugini, ni nani atafungua mlango?

ALIONGEZA MIKONO

Watu wanaohesabu kazi ya Mama Maude wanasema alizalisha watoto kati ya 600 na 800. Ni wengi. Lakini hilo si jambo kubwa zaidi alilolifanya.

Fikiri pamoja nami. Mwuguzi mmoja ana mikono miwili na motokari moja. Usiku mmoja wamama wawili wanaweza kushikwa na uchungu, mmoja mashariki, mwingine magharibi. Hata kama moyo wake ni mkubwa namna gani, hawezi kuwa pahali pawili. Mama Maude alifahamu jambo hili mapema. Kwa hiyo aliwakusanya wamama wa vijiji, akawafundisha kazi ya ukunga: usafi, kumsaidia mama anayezaa, kumchunguza mtoto mchanga, na kujua wakati ambapo jambo limepita nguvu zao.

Hakuwadharau, na hakuficha elimu yake ili watu wamtafute yeye peke yake. Kuko wengine wanaofanya hivyo: wanashika funguo, hata funguo ya sanduku la dawa, na wanafurahi kusikia watu wakisema, "Bila yeye hakuna kitu." Mama Maude alitaka watu waweze kusema, "Hata kama hayuko, tunajua la kufanya." Kujitolea kwa kweli kunawaongeza watu wengine nguvu. Kujitolea kusikowaongeza wengine kunachoka na kufa pamoja na mtu mmoja.

KURASA 12 NA DOLA NDOGO NDOGO

Mwaka 1951 mpiga picha mwenye jina kubwa, W. Eugene Smith, alimfuata Mama Maude katika kazi yake, mchana na usiku. Mwezi wa 12 wa mwaka ule gazeti la Life lilitoa picha zile katika kurasa 12. Watu wa mbali waliona kwa mara ya kwanza mama mweusi mwenye nguo nyeupe akizalisha, akifundisha, akiingia nyumba za maskini.

Wasomaji hawakufunga gazeti na kusema tu, "Pole yake." Walituma feza. Zilipohesabiwa zilipita dola 20,000. Kwa feza hizo kituo cha afya kilijengwa Pineville, kikafunguliwa mwaka 1953, kikapewa jina lake. Mama Maude alikiongoza mpaka mwaka 1971, alipopumzika kazi ya Serikali akiwa na miaka 72.

Ona vizuri: miaka 30 alikuwa ametibu watu bila kituo kile. Hakuanza kwa sababu alipewa nyumba. Alipewa nyumba kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza. Lakini usigeuze neno hili kuwa kisingizio na kusema, "Basi mwuguzi wetu afanye bila kitu, siku moja atasaidiwa." Miaka ile 30 ilikuwa mizito kwake na kwa wagonjwa wake. Kama watu wangeamka mapema, mzigo ungekuwa mwepesi mapema.

MIAKA 80 NA SUFURIA JIKONI

Wengine wanafikiri kwamba siku mtu anapopumzika kazini, amemaliza deni lake. Mama Maude alitazama wazee wa Pineville, akaona kuko wanaokaa peke yao bila chakula cha moto. Mwaka 1980, akiwa na miaka zaidi ya 80, akaanza katika kituo kile kazi ya kuwalisha wazee. Siku tano kwa juma chakula kilipikwa na kupelekwa, na wazee walisafirishwa kwa motokari. Kazi hiyo aliifanya kwa kujitolea, bila mushahara. Wengine kati ya wazee wale labda walikuwa wadogo kwake kwa umri!

Katika miaka hiyo, Rais Reagan alimwalika Washington, katika nyumba ya Rais. Alikataa. Alijibu kwamba mtu hawezi tu kumwita hivi na kumtaka afike mahali. Yeye ana kazi yake ya kufanya. Si kiburi. Sufuria ilikuwa motoni, na wazee walikuwa wakingoja. Mwaka 1984 alipewa zawadi ya heshima ya taifa kwa kazi yake ya kujitolea. Akafa mwaka 1990, akiwa na miaka 91, kule kule Pineville alikofika kijana.

NA SISI JE?

Mpendwa msomaji, si lazima uwe mwuguzi ili kushika mkono wa mwuguzi. Katika vijiji vingi vya inchi yetu kuko watu wa kujitolea wanaozunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya afya. Kama unajua kusoma na kuandika, unaweza kusaidia kazi hiyo. Kama una kinga ao moto, unaweza kuwaambia majirani wako kwamba usiku wa hatari wasiogope kukuamsha.

Na kila nyumba ijue ishara zinazosema "usingoje asubuhi" kwa mama mwenye mimba ao aliyezaa: damu nyingi, mwili kushikwa na degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, homa kali, uchungu unaopita saa 12 bila mtoto kuzaliwa. Mwuguzi wa mugini hapigani na ugonjwa tu. Anapigana na saa. Mara nyingi mgonjwa anafika kwake wakati jamaa imekwisha kumaliza siku mbili ikibishana. Ukimleta mapema, umemsaidia kuliko kumletea kuku.

Lakini kuku pia mlete! Lima naye shamba lake siku moja. Ezeka nyumba yake kabla ya mvua. Lipa deni lako la dawa pole pole, lakini lilipe. Tena mshukuru yule anayebaki nyumbani kwake akiwalinda watoto wakati yeye yuko kwako.

Usiku wa leo, mahali fulani, mtu atagonga na kuuliza, "Munganga iko?" Kama jibu bado ni "Ndiyo, iko", ni kwa sababu mtu mmoja alikubali kubaki. Tusimwache abaki peke yake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Mwuguzi wa kwetu anaishi namna gani? Ni lini tulimtembelea bila kuwa wagonjwa?

2. Usiku mtu akishikwa katika nyumba yetu, tutampeleka kwa njia gani? Nani atabaki na watoto?

3. Ni kazi gani ninayoijua vizuri, ambayo bado sijamfundisha mtu mwingine?