Natazama Mkia wa Msafara

Mshereheshaji akishatangaza kwamba umefika wakati wa zawadi, ukumbi mzima hugeuza macho mlangoni kumtazama anayetangulia. Mara nyingi huwa ni shangazi, au mama mdogo wa bibi harusi, ndani ya sare ya kitenge iliyopelekwa kwa fundi tangu mwezi uliopita. Anaingia kwa madaha, hatua mbili mbele, moja nyuma, leso hewani, na vigelegele vikimsindikiza. Mimi niliyesimama nyuma ya mashine zangu pembeni ya jukwaa simtazami yeye. Natazama mkia wa msafara.

Mkiani ndiko waliko wazee wenye magoti mabovu, mama mwenye mtoto mgongoni, na binamu aliyekosa pesa ya sare akaja na nguo yake ya Jumapili. Msafara wa watu 60 hautoshi ndani ya wimbo wa dakika 4. Nikiukata wimbo pale shangazi anapofika meza kuu, hawa wa nyuma watapita ukumbini kimya, kama watu walioingia kuomba radhi. Kwa hiyo naurudisha wimbo kwenye kiitikio, naurudisha tena, mpaka mtu wa mwisho aweke bahasha yake kapuni na kuwapa maharusi mkono. Hapo ndipo napunguza sauti.

Nimekuwa DJ wa shughuli Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye kumbi zenye viyoyozi na chini ya maturubai ya Mbagala yanayofunga njia ya mtaa. Muziki wenyewe kila mgeni anao kwenye simu yake. Ninachokodiwa kufanya ni kugawa zamu. Shughuli yetu ina watu wengi wenye haki ya kuonekana, na kila mmoja anaijua haki yake. Mama amelea, baba amesomesha, kungwi amefunda, shangazi amesimamia, kamati imechangisha, jirani ameazima viti. Usiku ni mmoja tu. Mshereheshaji anawaita kwa majina, nami nawaita kwa nyimbo, na asiyeitwa huondoka na donge moyoni litakalokaa miaka.

Ndiyo maana kazi yangu huanza siku nyingi kabla spika hazijateremshwa garini. Harusi ya mjini haibebwi na wazazi peke yao, hubebwa na kamati. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina hukutana na wajumbe kila Jumapili kwa miezi miwili au mitatu, kadi za mchango zinasambazwa, ahadi zinaandikwa kisha zinafuatiliwa, siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp. Anayechanga leo anajua kwamba kesho mwanawe akioa, naye atachangiwa. Kamati hiyo ndiyo inayonilipa, nusu mapema na nusu siku ya shughuli, na ahadi za watu zikichelewa nami nachelewa. Iko kamati iliyowahi kunizungusha miezi mitano kwa ile nusu ya pili. Iliniuma sana, kwa sababu vijana wawili wanaobeba spika pamoja nami hawana mshahara mwingine.

Nikikutana na katibu, habari za nyimbo huja mwisho. Naanza na watu. Baba mzazi yu hai? Nani aliyemlea bibi harusi, na je, ndiye atakayemwingiza ukumbini? Upande wa bwana harusi ni wenyeji wa wapi? Kuna msiba uliopita karibuni? Jibu moja laweza kufuta wimbo niliokuwa nimeuandaa wiki nzima. Wimbo wa kumsifu baba, ukipigwa mbele ya binti aliyemzika babaye mwaka huohuo, utamliza kabla keki haijakatwa, na yale machozi yatabaki kwenye video ya harusi yake maisha yote.

Swali la wenyeji wa wapi nalo lina uzito wake. Dar es Salaam ni mji wa makabila yote, na ukumbi mmoja huunganisha koo mbili zilizotoka mbali. Wasukuma husubiri bugobogobo, ngoma yao ya majembe. Mmakonde ni nadra kubaki kitini sindimba ikilia. Wazaramo, wenyeji wa mji huu, wana mdundiko wao. Wachaga wanaleta ndafu, mbuzi aliyechomwa mzima, amewekwa kwenye sinia na majani mdomoni, naye ana wimbo wa kuingilia ambao wapishi wake huucheza kuanzia mlangoni. Dakika mbili za ngoma ya kwao zinatosha kumwinua babu aliyekaa tangu saa kumi na mbili jioni bila kutikisa bega. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wajibu wangu ni kuufanya ukumbi wa kukodi uwe kwao, japo kwa dakika hizo mbili.

Zamu pia ina mipaka, na DJ asiyeijua hafiki mbali. Kwenye kicheni pati, ambako wanawake humpa bibi harusi vyombo vya nyumba na nasaha za ndoa, mimi mwanamume ni mgeni wa mlangoni. Kamati za akina mama hutafuta DJ wa kike, nao siku hizi wapo na ni hodari. Asipopatikana, naketi nyuma ya pazia, na mama mmoja anakabidhiwa kazi ya kuniongoza. Akiligonga pazia mara moja, nabadili wimbo. Akiligonga mara mbili, nazima, maana somo anataka kuzungumza na mwali. Nimepiga muziki saa tano mfululizo bila kuona uso wa mtu, nikisoma shughuli kwa masikio tu: vigelegele vinavyopanda, viti vinavyosogezwa, kicheko cha wengi kinachozima ghafla.

Unyago hauna DJ kabisa, wala haustahili kuwa naye. Ngoma ile hupigwa kwa mikono na wanawake wanaojua wanachofunda. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwezi Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwa wanawake wa kwao alikuwa pia mpiga ngoma wa unyago na mwalimu wa wari. Kujua mahali ambapo spika hazipaswi kuingia ni sehemu ya ufundi huu.

Nafasi niliyosimama mimi ilikuwa na wenyewe kabla yangu. Vijijini alikuwapo manju, aliyeanzisha wimbo na kujua amtaje nani. Miji ya pwani ikapata beni, na tarumbeta na ngoma zake za kijeshi, vikundi vikishindana kwa mavazi na mwendo. Taarab ikatoka kwenye kasri la Sultani wa Zanzibar ikaingia masikioni mwa watu wa kawaida, hasa baada ya Siti binti Saad kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Zikaja bendi za dansi, kisha kanda, kisha sidii, sasa laptopu. Hata hivyo aliyetangulia hajaondoka: hadi leo msafara wa magari ya harusi jijini hutanguliwa na gari la wazi lililobeba wapiga matarumbeta. Nao ma-DJ wa shughuli za uswahilini hawakubaki kupokea tu. Kwenye vigodoro, zile sherehe za kukesha mtaani, walichukua vipande vya ala vya taarab, wakavirudiarudia na kuvikimbiza kasi huku kijana akighani juu yake, na humo ndimo singeli ilimokulia.

Taarab ndiyo iliyonipa somo langu gumu kuliko yote. Katika taarab mtu anapousikia ubeti unaomgusa, husimama, akaenda mbele taratibu na noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Tangu dakika hiyo maneno yanakuwa yake. Mwimbaji ameyaimba, ila mtunzaji ndiye aliyeyatuma, na kila mwanamke aliyeketi pale anajua yametumwa kwa nani.

Ilikuwa harusi chini ya turubai, Temeke. Mama mmoja aliyevaa gauni la kijani alikuja mezani kwangu, akanibana noti kiganjani, akanong'ona jina la wimbo. Niliujua kwa utamu wake, nikauweka. Sikuyafikiria maneno yake. Akaenda katikati, akacheza polepole, kisha akageuka na kusimama mbele ya mwanamke mmoja wa safu ya kwanza, akawa anatoa noti mojamoja na kuziinua juu huku kiitikio kikipita. Aliyekuwa ameketi pale ni mama wa kambo wa bibi harusi, na yule wa gauni la kijani alikuwa ndugu wa mama mzazi, aliyeachika. Mama wa kambo akasimama. Upande wake wote ukasimama naye. Viti viwili vikaanguka.

Nikazima muziki, na hilo likawa kosa la pili, kwa sababu kuzima kulitangaza kwamba hata DJ ameelewa. Katika ule ukimya bibi mmoja mtu mzima alinijia, akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, usizime. Wape mduara." Nikaweka mduara. Watu wakatazamana, kisha mmoja akaingia, wa pili akamfuata, na duara likaanza kuzunguka. Katika mduara hakuna wa mbele wala wa nyuma, na hakuna wa kusimamiwa usoni. Baada ya nyimbo tatu hata wale wawili walikuwa ndani, kila mmoja upande wake, wakizunguka njia moja. Kesho yake nilikwenda na mzee wa kamati kumwomba radhi mwenye shughuli. Tangu siku hiyo, anayeniletea noti na jina la wimbo namuuliza kwa adabu, "Mama, unamtunza nani?" Akinitajia bibi harusi, wimbo anaupata. Akicheka bila kujibu, namrudishia noti yake.

Besdei ina zamu chache, ila ina hatari zake. Kwetu mwenye siku yake humwagiwa maji, na wamwagaji hawatoi taarifa. Kwa hiyo nyaya zangu zote hupita juu, zimefungwa kwenye nguzo za turubai, na meza ya mashine naiweka upande ambao ndoo haifiki. Ikija keki, mtoto hulisha kwanza wazazi, halafu babu na bibi, halafu walimu na marafiki, na kila anayeitwa huja akicheza. Mtoto wa miaka sita hajui itifaki, anataka kumlisha rafiki yake wa darasani kabla ya bibi yake. Namsaidia kwa muziki: wimbo wa zamani wa dansi ukisikika, bibi huinuka mwenyewe, na mtoto humkimbilia.

Kwenye sherehe za watoto kuna jambo moja sina mzaha nalo. Sikukuu ya Idd ya mwaka 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliofurika kupita kiasi. Siwezi kuwasha mashine mahali penye watoto kabla sijaona milango yote imefunguliwa na mtu mzima amesimama kwenye kila mmoja. Mwenye kipaza sauti ndiye pekee anayeweza kusikika na watoto mia kwa pamoja, basi na awe wa kwanza kuona wanapobanana.

Narudi kwenye mkia wa msafara, kwa sababu ya harusi moja ya Chanika. Zawadi zilichelewa, na kibali kilitutaka tuzime saa sita usiku. Makundi yote yaliyoandikwa yalikuwa yameshapita: upande wa mama, upande wa baba, wafanyakazi wenzake bibi harusi, kikundi cha vicoba, majirani. Mshereheshaji akaniashiria nipunguze, afunge. Nikapunguza, na kwa mazoea nikatazama mlangoni mara ya mwisho. Alikuwa amesimama pale bibi mmoja, peke yake, na mkeka wa ukindu umekunjwa mikononi. Hakuwa wa kundi lolote. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ndiye aliyekuwa akishinda na bibi harusi utotoni, mama yake akiwa sokoni, kabla bibi huyo hajarudi kwao Kisarawe.

Alipoona sauti inashuka, aligeuka taratibu ili atoke. Nikaweka mdundiko.

Akasimama. Akauweka mkeka kichwani, akaushika kwa mkono mmoja, akaanza kuja. Magoti yake hayakuinama sana, ila mabega yalikuwa na ujana wote. Alitumia wimbo mzima kufika meza kuu, na wa pili nikauunganisha bila pengo, kwa sababu bibi harusi alikuwa ameshashuka jukwaani kumlaki, na wawili hao walikuwa na yao ya kucheza. Mshereheshaji hakusema neno. Aliweka kipaza sauti mezani, akaanza kupiga makofi.

Akitoka, alipita mbele ya mashine zangu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Mungu akupe."

Tulifunga saa sita na dakika kumi. Msimamizi wa ukumbi alidai muda wa ziada, nikamwambia aukate kwenye malipo yangu. Wakati vijana wangu wakikunja nyaya, niliona zawadi zikipakiwa garini: friji, magodoro, mabunda ya vyombo, vyote vikibebwa na wapambe. Mkeka haukupakiwa. Bibi harusi mwenyewe aliushika kwapani, akainua gauni lake kwa mkono wa pili, akatoka nao.