Uraia Wetu Watu wa Ruvuma: Tumwendee Wakili?

Tangu hapa Mtwara hata Msimbati, Mahurunga na Kitaya, ni nadra kuikuta nyumba isiyokuwa na mtu wake ng'ambo ya Ruvuma. Shangazi kaolewa Palma, babu kazikwa Kionga, mkwe katoka Mueda. Ujamaa huu ni mkongwe kuliko mpaka wenyewe. Na mpaka nao haukutulia mahali pamoja: ile pembe ya Kionga, iliyo kusini ya mdomo wa mto, Wadachi waliitwaa mwaka 1894, na Wareno wakaichukua vitani mwaka 1916. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Kionga mwaka 1910 alizaliwa katika nchi moja na aliyezaliwa Mikindani. Kisha nchi ikamhama, naye hakusogeza mguu.

Hayo yalikuwa mazungumzo ya barazani. Leo ni maswali ya afisini. Kijana ataka kitambulisho cha taifa, au mama ataka pasipoti ya kwendea Hija, huulizwa: Baba yako kazaliwa wapi? Na babu yako je? Asiyekuwa na karatasi huambiwa alete ushahidi. Hapo ndipo watu hutujia sisi walimu wa vyuo wakiuliza: Tumwendee wakili, au tutakuwa tunajichongea wenyewe?

Kwanza na tuijue sheria kidogo. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya tarehe 9 Desemba 1961, na mmoja wa wazazi wake naye kazaliwa Tanganyika, huyo aliamka siku ile ya Uhuru akiwa raia. Ama waliozaliwa nchini baada ya Muungano wa mwaka 1964, hao huhukumiwa kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, na linaloangaliwa ni kwamba baba au mama alikuwa raia. Angalia neno hilo "au". Wako vijana ambao baba zao ni watu wa Msimbati khalisi, nao wanajificha kama wezi kwa sababu tu mama zao ni wa Palma. Khofu hiyo haina msingi.

Mambo mengine hayahitaji wakili hata kidogo. Cheti cha kuzaliwa kilichochelewa huombwa RITA. Barua ya utambulisho hutoka kwa mtendaji wa kijiji. Fomu ya kitambulisho hutolewa NIDA. Mwenye kutoa fedha ili ajaziwe fomu ambayo mwanawe wa darasa la saba aweza kuijaza, amezitupa baharini.

Lakini ukiitwa Uhamiaji kuhojiwa juu ya uraia wako, au pasipoti yako ikazuiliwa, au jamaa yako akapelekwa mahakamani kwa shtaka la kuwapo nchini bila kibali, usikae ukisema "litapita". Mwaka 2012 mtu mmoja alikwenda polisi huko Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikashikwa kwa shaka ya uraia. Mwaka 2014 akafukuzwa kupelekwa Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akawa hana nchi, akiishi baina ya mipaka miwili. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa haki. Ilisema kwamba maadam mtu alikwishatambuliwa kuwa raia, ni juu ya serikali kuthibitisha kwamba siye. Tena ikailaumu sheria kwa kutompa njia ya kukata rufani. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020, kwa kuwa Tanzania ilijitoa katika tamko lililowaruhusu watu, mtu wetu hawezi tena kwenda mwenyewe moja kwa moja katika mahakama ile. Basi ndiyo sababu mambo haya yashikwe mapema, hapa hapa nyumbani.

Na wakili utamtarajia nini? Atakuuliza sana, pengine kuliko afisa: nani kazaliwa wapi, nani kavuka mwaka gani, nani yu hai awezaye kushuhudia. Mwambie yote, hata lile la aibu, kwani sheria inamfunga asitoe siri ya mteja wake. Mpelekee vyeti vya shule, kadi za kliniki, hati za shamba la korosho, cheti cha kifo cha babu. Ataandika barua, atakwenda nawe kwenye mahojiano, atatayarisha hati za kiapo, ataomba dhamana. Hawezi kukuahidi ushindi, wala hawezi kukuzulia babu. Akuambiaye "nipe fedha, nitakutafutia mzazi" ni kishoka, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai huku na dhambi kubwa huko.

Wakili wa kweli jina lake limo katika orodha inayowekwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na hana budi kuhuisha leseni yake kila mwaka. Si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Mpatane ujira kwa maandishi, udai stakabadhi. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewaweka wasaidizi wa kisheria, ambao hawatozi kitu, ingawa hawana ruhusa ya kumsimamia mtu mahakamani.

Limebaki la wake zetu kutoka ng'ambo. Nikahi peke yake haimfanyi mwanamke kuwa raia. Humpa haki ya kuomba uraia wa tajnisi, nao una masharti yake. Wala Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, basi na afikiri kabla ya kuuacha wa kwao. Na huwezi kuomba lo lote kwa njia hiyo bila cheti cha ndoa. Ndoa ngapi zimefungwa huku kwetu kwa mashahidi na mahari, kisha hazikuandikishwa kama itakavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971! Mwenye ndoa ya namna hiyo asingoje aitwe. Amwendee sheikh aliyemwozesha angali hai, na wale mashahidi wawili, waulize kwa msajili wa ndoa wilayani namna ya kuiandikisha.