Ngao ya mbele: bei iko kwenye bomba, nguvu iko kwenye chesisi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo Land Cruiser na Pajero za miaka ya tisini zilizokwisha kuingia hutunzwa, hufumuliwa na kuundwa upya. Mwenye gari la namna hiyo akitaka ngao ya mbele (bull bar), awe Nairobi au ng'ambo ya mpaka, Arusha, ana wauzaji wa aina tatu. Kuna ngao mpya za kuagiza, hasa za kampuni za Australia kama ARB ya Melbourne. Kuna zilizovuliwa kwenye magari ya Japani. Halafu kuna fundi wa kuchomelea.

Kote huko mteja hukagua unene wa bomba na mng'aro wa kromu, na muuzaji hupanga bei kwa vigezo hivyohivyo. Nyingi ya zile za Japani zilikuwa pambo: bomba jembamba lililofungwa kwenye bati la mbele. Ukigonga punda, bomba linarudi nyuma na kutoboa rejeta uliyotaka kuikinga. Anayejua kununua huinama akatazama chini. Vishikio viwe vya bati nene, milimita kadhaa, vikiwa vimefungwa kwa bolti kwenye ncha mbili za chesisi, si kwenye bampa. RAV4 na X-Trail hazina chesisi ya kusimama peke yake; kwa hizo, pesa hiyo iwekwe kwenye matairi.

Fundi wa mtaani ana faida ambazo mwagizaji hawezi kuzifikia. Halipi nauli ya meli kwa mzigo mkubwa ulio mtupu ndani, anapima kwenye gari lenyewe, anapokea malipo kidogo kidogo, na ngao ikipinda ataikata na kuiunga. Udhaifu wake uko kwenye malighafi na haraka. Bomba la maji lililochovywa zinki likichomelewa bila kusagwa kwanza hutoa moshi wenye sumu na kiungo dhaifu. Wako pia wanaochomelea ngao moja kwa moja kwenye chesisi. Siku ya kubadilisha rejeta, unaita msumeno.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa wakati wa kupatana. Ngao ya chuma yenye winchi huweza kuongeza kilo 80 au zaidi mbele ya ekseli. Springi za gari lenye umri wa miaka 30 zimeshachoka: pua inashuka, taa zinamulika lami, breki zinalemewa. Bei ya springi na shokapu za mbele iulizwe siku hiyohiyo. Gari lenye mifuko ya hewa ya kukinga abiria (airbag) linahitaji ngao iliyopimwa kwa modeli yake, na hapo fundi, hata awe hodari vipi, hana kifaa cha kupimia.

Kwa gari lisilotoka mjini, mimi ningeiacha kabisa. Umoja wa Ulaya uliziwekea ngao hizi masharti mwaka 2005 kwa ajili ya watembea kwa miguu, na India ikaagiza ziondolewe Desemba 2017. Kwa anayekwenda Loliondo au Marsabit usiku, hesabu ni nyingine: afunge, lakini mkataba na fundi utaje vishikio kwa bei yake, mbali na bomba, na malipo ya mwisho yasubiri ngao ivuliwe na kurudishwa kwa spana mbele yake.